Hitilafu ya moyo na degedege kwa mtoto mchanga: Ujue ugonjwa wa DiGeorge

KATIKA kila watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai, wapatao 8 huwa na hitilafu ya moyo waliyoumbwa nayo tumboni mwa mama. Kwa wengi wao, tatizo ni moyo tu. Moyo ukitengenezwa, mtoto hukua kama wenzake.

Lakini wapo wachache ambao hitilafu ya moyo ni sehemu moja tu ya tatizo kubwa zaidi. Kwa watoto hawa, moyo ukitibiwa na mengine yakaachwa, mtoto anaweza kupoteza maisha kwa degedege, kwa damu aliyoongezewa, au hata kwa chanjo ambayo kwa watoto wengine wote ni kinga njema.

Mojawapo ya maradhi ya aina hiyo ni ugonjwa wa DiGeorge. Katika somo la leo tutaeleza unavyotokea, dalili zake kwa mtoto mchanga, na vipimo vinavyoutambulisha. Nia yetu si kumtia hofu mama aliyejifungua juzi. Tunataka mzazi ajue ni dalili zipi za kumweleza daktari kwa pamoja, maana dalili hizi zikitajwa mojamoja, kila moja kwa daktari wake, ugonjwa hupita bila kujulikana.

Ni ugonjwa gani huu?

Mnamo 1965, daktari Mmarekani wa mji wa Philadelphia, Angelo DiGeorge, aliwaeleza madaktari wenzake kuhusu watoto wachanga waliozaliwa bila tezi mbili muhimu. Tezi ya kwanza ni ile ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo, ambayo ndiyo shule ya chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Ya pili ni tezi ndogo za parathiroidi, zilizo shingoni, ambazo kazi yao ni kulinda kiwango cha madini ya kalsiamu katika damu. Baadaye ilidhihirika kwamba wengi wa watoto wa aina hii wana hitilafu za moyo pia.

Mnamo 1978, mtaalamu mwingine wa Marekani, Robert Shprintzen, alieleza juu ya watoto wenye kasoro ya kaakaa, kasoro ya moyo na sura inayofanana. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa haya ni maradhi mawili tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wakagundua kuwa chanzo chake kwa wengi ni kimoja.

Chanzo chenyewe ni hiki. Kila seli ya mwili wa binadamu ina jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya jinsi mwili utakavyojengwa. Agizo moja huitwa jeni. Mtoto mwenye ugonjwa huu amepungukiwa na kipande kidogo katika mojawapo ya kromosomu zake mbili za namba 22. Kipande hicho ni kidogo mno, lakini hubeba jeni zinazokaribia 40. Ndiyo sababu siku hizi madaktari huuita pia ugonjwa wa upungufu wa 22q11.2, yaani anwani ya mahali penye pengo katika kromosomu.

Hukadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 3,000 hadi 6,000 huzaliwa na upungufu huu. Kwa hiyo ingawa huhesabiwa miongoni mwa maradhi adimu, hospitali yenye wodi kubwa ya uzazi haiwezi kuukosa kwa miaka mingi.

Kwa nini viungo hivi huharibika pamoja?

Msomaji anaweza kuuliza: moyo una uhusiano gani na kaakaa, na kaakaa ina uhusiano gani na kalsiamu?

Jibu liko katika wiki za mwanzo za mimba. Wakati huo, mtoto akiwa mdogo kuliko harage, sehemu inayokuja kuwa shingo na koo huwa na mikunjo midogo kila upande. Kutokana na mikunjo hiyo, na seli zinazopitia hapo, huumbwa mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo, tezi ya thaimasi, tezi za parathiroidi, kaakaa na sehemu za uso. Mojawapo ya jeni zilizo katika kile kipande kilichokosekana, iitwayo TBX1, ni muhimu sana kwa ujenzi wa sehemu hii. Ikipungua, viungo vyote vilivyotarajiwa kutoka hapo huweza kupata kasoro, vingine sana na vingine kidogo.

Kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kuwa na moyo mbovu na kaakaa nzima, na mwingine akawa na kaakaa mbovu na moyo mzima. Hakuna watoto wawili wanaolingana kabisa, hata wakiwa ndugu.

Dalili za moyo

Zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huu huzaliwa na hitilafu ya moyo. Hitilafu hizo kwa kawaida huwa ni za mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo. Tatu kati yake yafaa kuzijua.

Ya kwanza ni kukatika kwa aota, ule mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Aina moja ya hitilafu hii, ambapo mshipa hukatika katikati ya tawi la kichwa na tawi la mkono wa kushoto, huambatana sana na ugonjwa wa DiGeorge: takriban nusu ya watoto walio nayo hukutwa na pengo katika kromosomu ya 22.

Ya pili ni pale ambapo mshipa mmoja hutoka kwenye moyo badala ya miwili, hata damu safi na damu chafu zikachanganyika. Karibu theluthi ya watoto hawa wana upungufu huo wa kromosomu.

Ya tatu ni ile ya kasoro nne kwa pamoja, ijulikanayo kwa jina la daktari Mfaransa, Fallot. Kati ya watoto 7 walio nayo, mmoja hivi huwa na ugonjwa wa DiGeorge.

Mzazi ataona nini nyumbani? Mtoto huhema haraka hata akiwa amelala. Hunyonya kidogo, akachoka, akatoka jasho kichwani, akaachia titi, kisha akalia tena kwa njaa. Haongezeki uzito. Wengine hugeuka rangi ya samawati. Kwa ngozi yetu nyeusi, usiitafute rangi hiyo usoni au vidoleni, bali tazama ulimi na ufizi mahali penye mwangaza wa jua.

Jambo moja huwapotosha wengi: mtoto anaweza kutoka hospitalini akiwa mzima, kisha akazidiwa ghafla siku ya tatu au ya tano. Hii ni kwa sababu mtoto huzaliwa akiwa na mfereji mdogo unaounganisha mishipa mikubwa ya moyo. Yule ambaye aota yake imekatika huishi kwa kutegemea mfereji huo. Mfereji ukijifunga wenyewe, kama unavyofanya kwa kila mtoto katika siku za kwanza, damu haifiki sehemu za chini za mwili. Mtoto huwa baridi miguuni, hulegea, hukojoa kidogo, na mpigo wa damu kwenye paja huwa hafifu au haupatikani. Hapo hakuna muda wa kungoja kliniki ya Jumatatu. Mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo.

Degedege isiyo na homa

Takriban nusu ya watoto wenye ugonjwa huu hupungukiwa na kalsiamu katika damu, kwa kuwa tezi za parathiroidi ni dhaifu au hazipo. Kalsiamu ikishuka, mishipa ya fahamu husisimka ovyo. Mtoto hutetemeka mikono na miguu, hushtukashtuka, kisha hushikwa na degedege. Mara nyingi hali hii hutokea katika siku au wiki za kwanza, na mtoto hana homa.

Katika sehemu nyingi za nchi, na hasa kule Pwani, wapo wanaoamini kuwa degedege ya mtoto mchanga huletwa na nyuni, na mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga. Hatutaki kugombana na imani ya mtu. Tunachosema ni kuwa upungufu wa kalsiamu hupimwa kwa damu kidogo, na hospitalini hutibiwa kwa dawa inayoingizwa mshipani polepole huku mapigo ya moyo yakiangaliwa. Kila saa inayopotea njiani ni saa ambayo ubongo wa mtoto unaumia.

Ni kweli pia kwamba degedege ya mtoto mchanga ina sababu nyingi: sukari kupungua, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au maambukizi ya ubongo. Zote hizo ni lazima zipimwe. Lakini degedege ikikutana na moyo mbovu kwa mtoto mmoja, daktari hana budi kuuliza kuhusu DiGeorge. Dalili ya mvua ni mawingu.

Dalili nyingine za kutazama

Mtazame mtoto anaponyonya. Je, maziwa hutokea puani mara kwa mara? Je, hupaliwa? Huenda kaakaa imepasuka au haifungi vizuri. Mpasuko mwingine hufichwa na ngozi nyembamba na hauonekani kwa jicho, kwa hiyo muuguzi aipapase kaakaa kwa kidole kisafi na aimulike kwa tochi.

Dalili nyingine ni maambukizi ya mara kwa mara, kama utando mweupe mdomoni usiosikia dawa, kuhara kusikoisha, au nimonia inayorudi. Hizi humaanisha huenda tezi ya thaimasi ni ndogo. Watoto wengi wenye ugonjwa huu wana thaimasi iliyopungua tu, na kinga yao huimarika kadiri wanavyokua. Wasio na thaimasi kabisa ni wachache, chini ya mmoja kati ya 100, lakini hao ndio walio hatarini zaidi.

Sura isikudanganye

Vitabu vingi vya udaktari huonyesha picha za watoto wenye DiGeorge: macho membamba, masikio madogo yaliyokunjamana, mdomo mdogo, pua ndefu yenye ncha ya mviringo. Picha hizo kwa sehemu kubwa ni za watoto wa Kizungu.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionya kwamba watoto wenye asili ya Kiafrika hawana sana sura hiyo ya vitabuni, na kwamba kwa sababu hiyo huenda wengi wao hawatambuliwi. Utafiti mwingine uliochapishwa 2017, uliolinganisha watoto wa mataifa mbalimbali, nao ulionyesha kuwa alama za uso hutofautiana kutoka jamii moja hadi nyingine.

Funzo hapa ni kuwa daktari wa Kenya asiseme, "Mtoto huyu hafanani na picha, kwa hiyo hana." Moyo, kalsiamu na kaakaa ndivyo vya kutegemewa kuliko sura.

Daktari ataupima vipi?

Tuseme mtoto wa siku nne ameletwa hospitalini akihema haraka, na njiani ameshikwa na degedege. Baada ya kumwokoa kwanza, kumpa oksijeni na kupima sukari, daktari anaweza kufuata hatua hizi:

1. Atapima oksijeni katika mkono wa kulia na mguu kwa kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu, na kupapasa mpigo wa damu kwenye mapaja. Tofauti kati ya juu na chini ni ishara ya hitilafu ya mishipa mikubwa.

2. Atasikiliza moyo, kisha atamtuma kwa picha ya mawimbi ya sauti iitwayo eko. Picha hii haina maumivu wala mionzi. Ndiyo itakayoonyesha ni hitilafu gani hasa.

3. Atapima kalsiamu ya damu. Kipimo hiki hakihitaji mtambo wa ajabu. Kila mtoto mchanga mwenye hitilafu ya mishipa mikubwa ya moyo afaa kupimwa, hata kama hajashikwa na degedege.

4. Ataangalia hesabu kamili ya damu, hasa idadi ya zile chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti. Zikiwa chache mno, kinga ina kasoro. Katika eksirei ya kifua, kivuli cha thaimasi huonekana juu ya moyo wa mtoto mchanga mwenye afya, na kisipoonekana daktari hupata shaka zaidi.

5. Atachunguza kaakaa, na kuagiza picha ya figo, kwa kuwa wengine huwa na kasoro huko pia.

Mtoto akionyesha mawili au zaidi ya haya, au akiwa na mojawapo ya zile hitilafu tatu za moyo tulizozitaja, kipimo cha jeni kinastahili kufanywa.

Kipimo chenyewe cha jeni

Kipimo cha kawaida cha kuhesabu kromosomu kwa darubini hakitoshi, maana pengo lenyewe ni dogo mno kuonekana. Kromosomu zitahesabiwa, zitakuwa 46, na mzazi ataambiwa kila kitu ni sawa kumbe sivyo.

Kinachohitajika ni kipimo maalumu. Kimoja huitwa FISH, ambacho hutumia kipande cha DNA kilichotiwa rangi inayong'aa. Kipande hicho hujishikiza mahali pake katika kromosomu ya 22. Mtu mzima wa afya huonyesha alama mbili zinazong'aa. Mwenye ugonjwa huonyesha moja. Vipimo vipya zaidi, kama vile MLPA na maikroarei, huona hata mapengo madogo ambayo FISH hupitwa nayo. Vyote hufanywa kwa damu kidogo ya mtoto.

Vipimo hivi si vya kila hospitali, na majibu huchukua siku au wiki. Uliza mapema gharama yake, na kama bima yako inaigharimia. Lakini matibabu yasingoje majibu. Daktari akishuku, amchukulie mtoto kama mwenye ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Tahadhari tatu zisizongoja

Kwanza, damu. Damu ya kuongezewa huwa na chembe nyeupe hai za aliyeichanga. Kwa mtoto wa kawaida, kinga yake huziua. Kwa mtoto asiye na thaimasi, chembe hizo huweza kustawi na kuushambulia mwili wake mpaka afe. Kwa hiyo mtoto anayeshukiwa apewe damu iliyopitishwa kwenye mionzi ili kuziua chembe hizo. Hospitali isipokuwa nayo, hilo nalo ni sababu ya kumpeleka mtoto kwenye hospitali kubwa ya rufaa kabla ya upasuaji.

Pili, chanjo. Hapa Kenya mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu, BCG, na matone ya polio mara tu anapozaliwa. Chanjo hizi, pamoja na ile ya rota ya wiki ya sita, zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto asiye na kinga kabisa, hata vijidudu hivyo dhaifu ni hatari. Ikishukiwa DiGeorge, daktari huahirisha chanjo hai mpaka kinga ipimwe. Kama mtoto alikwisha kupewa BCG, mwonyeshe daktari kijitabu cha kliniki, na umtazame kama atapata uvimbe kwapani au homa isiyoisha.

Tafadhali msomaji, usielewe vibaya. Hii si ruhusa ya mzazi kumnyima mtoto chanjo. Zile zisizo na vijidudu hai ni salama na mtoto huyu anazihitaji kuliko wenzake. Hata zile hai, watoto wengi wenye DiGeorge huzipata baadaye kinga ikishathibitishwa. Uamuzi huo ni wa daktari, na uandikwe kijitabuni.

Tatu, upasuaji. Kalsiamu huweza kushuka ghafla mtoto anapopasuliwa na kuongezewa damu nyingi, na moyo ukakosa nguvu mezani. Daktari wa usingizi akijua mapema, hujiandaa.

Je, ni kosa la nani?

Si la mtu. Kwa karibu familia 9 kati ya 10, pengo hili hutokea lenyewe wakati yai au mbegu ya uzazi inapoumbwa, na wazazi wote wawili wana kromosomu kamili. Halikutokana na chakula alichokula mama, kazi aliyofanya, laana wala jicho baya. Baba asimfukuze mama, na mama mkwe asitafute mchawi.

Katika familia iliyobaki, mzazi mmoja anao ugonjwa huo bila kujua, pengine kwa sababu dalili zake zilikuwa nyepesi: sauti ya puani, uzito wa kusoma shuleni, au moyo uliokuwa na kasoro ndogo. Mzazi kama huyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpa kila mtoto atakayezaa. Ndiyo sababu wazazi wote wawili hupimwa mtoto akithibitika.

Maisha ya baadaye

Hakuna dawa ya kurudisha kipande kilichokosekana, lakini karibu kila tatizo lina msaada wake. Moyo hupasuliwa, kalsiamu hurekebishwa kwa dawa za kunywa na vitamini D, na kaakaa hushonwa. Kwa wale wachache wasio na thaimasi kabisa, Marekani iliidhinisha mwaka 2021 tiba ya kupandikiza tishu ya tezi hiyo.

Mtoto huyu atachelewa kusema, na wengi huhitaji msaada wa ziada darasani. Wengine, takriban mmoja kati ya wanne, hupata ugonjwa mkubwa wa akili wakiwa watu wazima. Mzazi anayejua mapema atamtafutia mwalimu na daktari kwa wakati, badala ya kumwita mtoto mvivu au mkaidi.

Ya kukumbuka

Ukiambiwa mtoto wako mchanga ana hitilafu ya moyo, muulize daktari maswali manne: Kalsiamu yake imepimwa? Kaakaa yake imechunguzwa? Chembe zake nyeupe ni ngapi? Je, kuna haja ya kupima kromosomu ya 22 kabla ya damu, chanjo na upasuaji?

Usione haya kuuliza. Daktari mwema hatakasirika, na pengine swali lako ndilo litakalomkumbusha kuziunganisha dalili ambazo mpaka hapo zilikuwa zimeandikwa katika karatasi tofauti.